Makopo Kando ya Kitanda

Kila asubuhi Waride alianza na makopo kabla ya kuwasha moto. Aliyapangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akayapanga juu ya kigoda kando ya kitanda cha mumewe. Kopo la maziwa ya unga. Kopo la glukosi. Kopo la kakao. Aliyageuza mpaka picha zake zikatazama mlangoni. Hapo ndipo alipokwenda jikoni.

Makopo yale, nikwambie mapema, yalikuwa matupu.

Mumewe, Sufiani, alikuwa akipona kifua kikuu. Kabla ya hapo alikuwa mkulima hodari wa mpunga bondeni, si mbali na Mkongo. Masika nzima alikohoa. Akakonda, akatema damu. Hospitali ya Mkongo walimpima, wakamwanzishia dawa, kisha wakamruhusu kurudi nyumbani.

"Anywe dawa kila siku bila kukosa," daktari alimwambia Waride. "Na ale vizuri."

Waride akalishika lile la mwisho. Ale vizuri. Basi akaenda dukani.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Duka la kijijini, ambalo zamani lilikuwa na chumvi na viberiti tu, sasa lilijaa makopo kutoka ng'ambo. Watu nao wakaja na mtindo wao. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, unamsalimu, halafu macho yanakwenda kwenye kigoda. Kigoda kina makopo, mke anasifiwa. Kigoda hakina kitu, mke anasemwa mpaka kisimani.

Maulida, dada yake Sufiani aliyeolewa Kibiti, alikuja siku za mwanzo. Akatazama kigoda. Kopo lilikuwa moja.

"Ndiyo hili tu, wifi?" akauliza.

 Waride aliona uso unamwaka. Usiku hakulala. Kesho yake akauza kuku wawili, akanunua kopo la pili.

Kuku wakaisha. Wageni hawakuisha. Kila aliyekuja alikaribishwa chai ya sukari na maandazi, maana mgeni hawezi kuondoka kinywa kikavu. Pesa itoke wapi, na mwenye jembe amelala?

Juu ya moto wa jikoni, darini, lilikaa gunia la mbegu ya mpunga. Liliwekwa pale ili moshi uwafukuze fukusi. Mbegu ile ilikuwa ya kupanda mvua zikianza. Hapo kwao mtu akiuza mbegu yake ni heri aonekane anaiba. Watu humwita "mla mbegu", na jina hilo humfuata hata kwa wajukuu.

Waride aliichota pishi moja, akaiuza. Akajiambia ni hiyo tu. Baadaye akachota nyingine. Gunia liliponywea akalijaza makapi ili lionekane limeshiba. Kila alipopika alikwepa kutazama juu.

Siku moja Maulida alikuja tena. Waride aliharakisha chai. Mara ikasikika hodi nyingine. Alikuwa Bi Mwamvua, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo asiyejua kuzungukazunguka katika maneno.

"Shikamoo, bibi," alisema Waride.

"Marahaba, mwanangu. Sufiani hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Mbona hakwenda Mkongo kuchukua dawa? Siku yake imepita. Nimeulizwa mimi."

 Nauli ya Mkongo ilikuwa imenunua sukari ya chai ile ile iliyokuwa ikichemka.

"Ngoja kwanza nimkorogee ndugu yangu maziwa," alisema Maulida. "Tazama midomo ilivyomkauka."

"Wifi, acha, nitakoroga mwenyewe," Waride alisema haraka.

Lakini Maulida alikwishalishika kopo. Lilikuja juu jepesi. Akalifungua, akachungulia. Akafungua la glukosi. Akafungua la kakao. Halafu akabaki na kifuniko mkononi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

 Waride alitamani ardhi impokee. Angeweza kusema yameisha leo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ila alikuwa amechoka kupangusa makopo.

"Matupu yote," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Na mbegu pia nimeuza. Lile gunia la jikoni lina makapi."

Akaanza kulia, uso ameufunika kwa khanga.

Sufiani alijiinua kwa kiwiko.

"Makopo nilijua," alisema polepole. "Maziwa yale, mke wangu, yalinivuruga tumbo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa natamani dagaa. Sikusema. Mwanamume mzima nimelala, nalishwa, halafu nichague? Niliona haya."



"La mbegu sikujua."

Akageukia ukutani. Hilo lilimuumiza Waride kuliko matusi.

Bi Mwamvua aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Haya, kila mtu hapa ameona aibu yake," alisema. "Sasa tuzungumze. Waride, daktari alisema ale vizuri. Alitaja kopo?"

"Hakutaja."

"Kula vizuri ni samaki. Ni dagaa. Ni kunde, mayai, kisamvu, mchicha, papai. Vingine viko nyuma ya nyumba yako. Umeuza kuku anayetaga ili ununue picha ya ng'ombe."

Sufiani alicheka, japo bado ametazama ukuta. Kicheko kikageuka kikohozi.

"Na dawa je?" Bi Mwamvua aliendelea. "Dawa ya kifua kikuu serikali inatoa bure. Kinachowagharimu ni nauli. Kwa hiyo shilingi ikiingia humu ndani, kwanza itoe nauli. Ifunge kwenye pindo la khanga, isiguswe hata aje nani. Baada ya hapo chakula cha chungu kimoja, mle wote. Halafu sabuni na mafuta ya taa. Na sukari ya wageni iwe ya mwisho."

"Siku akijiona mzima, si tutapunguza safari za Mkongo?" aliuliza Waride.

"Hapana. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kikohozi kinakatika, mtu anaacha dawa, ugonjwa unarudi na ukaidi. Anameza mpaka daktari aseme basi. Na dirisha hili lifungueni, hewa ipite."

"Wageni niwape nini, bibi?"

"Maji. Tena waambie ukweli. Anayetaka kumjulia hali Sufiani aje na fungu la dagaa, au mzigo wa kuni. Mgonjwa hatazamwi kwa macho tu."

Maulida alikuwa bado ameshika kifuniko. Akakiweka chini.

"Wifi," alisema, "siku ile niliyokuuliza kopo, mimi mwenyewe kwangu nilikuwa sina hata sukari. Nisamehe." Akafungua pindo lake, akatoa pesa. "Hii ni nauli ya Mkongo. Aende kesho."

Sufiani alikwenda. Lakini mbegu haikurudi kwa kwenda Mkongo, na mawingu ya mvua yalikwishaanza kukusanyika.

Waride alikaa siku mbili akijishauri. Ya tatu akachukua lile kopo la maziwa, akalisuuza, akatoka. Nyumba ya kwanza alipiga hodi.

"Nimeuza mbegu yetu," alisema mlangoni. "Naomba kopo moja. Nikivuna nitarudisha."

Mwenye nyumba, Sikudhani, alilitazama lile kopo. Waride alingoja lile jina.

"Makopo?" Sikudhani aliuliza.

"Makopo."

"Mimi alipougua mama mkwe niliuza mbuzi," Sikudhani alinong'ona. "Lete hilo kopo."

Si wote waliompokea hivyo. Kuna mmoja alimcheka waziwazi, na jina la mla mbegu alilisikia nyuma ya mgongo wake. Aliendelea kutembea. Jioni alikuwa na mbegu ya kutosha nusu ya shamba.

Nusu hiyo ndiyo waliyopanda. Wageni walioambiwa ukweli wengine hawakurudi. Waliorudi walikuja na dagaa, na wawili wakashika jembe. Sufiani alipopata nguvu alipanda dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, kuwafukuza ndege, akiwa ameketi tu, na dawa zake hakuziacha hata siku moja. Mpunga ulipovunwa, daktari alikwishamwambia basi, amepona. Waride alirudisha mbegu nyumba kwa nyumba, akianza na ile alikochekwa.

Maulida alikuja kuwasalimu baada ya mavuno. Alipoingia, macho yakamponyoka yakaenda kwenye kigoda. Palikuwa na kopo moja la maziwa. Akalinyanyua, akashtuka. Lilikuwa zito.

"Mna nini humu, wifi?"

"Mbegu," alisema Waride. "Ya atakayekuja kuomba."

Maulida akalirudisha pale pale, akaketi, akanywa maji aliyopewa.