Jozi ya Mwisho

Asubuhi za likizo ya kiangazi Kozue aliamshwa na nyenze waliokuwa wakilia mitini. Alikunja taulo lake, akatia chupa ya chai ya shayiri mkobani, kisha akala tonge la wali lililofungwa kwa mwani akiwa amesimama mlangoni.

"Keti ule," mama yake alimwambia, kama kila siku. "Hilo tonge halina miguu, halitakukimbia."

"Nachelewa, mama."

Akashuka mteremko wa michungwa mbio mbio hadi shuleni, ambako klabu ya watoto ilikuwa ikiogelea katika bwawa la shule likizo nzima. Hapakuwa na aliyelipwa pale. Kocha Sanae mwenyewe alikuwa mama wa mtoto mdogo. Alfajiri alioka mikate dukani, na jua lilipopanda alikuwa bwawani, filimbi shingoni, unga ungali umemganda viwikoni. Wazazi walipokezana zamu ya kukaa chini ya turubai na kuyatazama maji. Juma hilo zamu ilikuwa ya Bwana Kadota, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, mtu mnene mwenye kofia ya ukili.

Wanafunzi wa darasa la sita nao walijitolea. Kila mmoja alipewa mstari wa watoto wadogo wa kuwaongoza, na wakati wadogo walivaa kofia nyeupe, yeye alivaa kofia nyekundu. Kozue alikuwa ameipata yake Jumatatu, na tangu hapo aliiweka karibu na mto wake kila alipolala.

Kazi kubwa ya kiongozi ilikuwa kuhesabu jozi. Kila mtoto alikuwa na mwenza wake. Filimbi ndefu ikilia, wote walitoka majini, wakaketi ukingoni wawili wawili, wakashikana mikono na kuiinua juu. Kisha kila jozi ilitaja namba yake kwa zamu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Jozi ikipungukiwa na mmoja, hakuna aliyerudi majini mpaka aonekane.

Mwenza wa Kozue alikuwa Ibuki, mtoto wa darasa la pili mwenye masikio makubwa na maswali mengi. Wao ndio waliokuwa jozi ya mwisho katika mstari wao, jozi ya nane. Jana yake Ibuki alikuwa akimtazama kerengende filimbi ilipolia, akasahau kuinua mkono, na hesabu ikarudiwa. Shunpei, kiongozi wa mstari wa pili, hakuliacha lipite hivi hivi.

"Kozue," alisema, "mstari wako unahesabu kama bibi anayetafuta meno yake."

Watoto walicheka sana. Kozue alicheka pia, lakini neno lile alilala nalo.

Basi leo alikuwa amejiandaa. Watoto wake walipita chini ya bomba la maji baridi, lile waliloliita mvua ya jehanamu, wakitetemeka na kupiga kelele. Wakaingia bwawani, wakashika ukingo na kupiga miguu vizuri. Kozue akawa anahesabu vichwa vyeupe moyoni, akiona kila kitu kimekaa sawa. Ndipo Ibuki akamgusa bega.

"Dada Kozue, naenda chooni."

"Sasa hivi? Filimbi inakaribia kulia."

"Haja haijui filimbi, dada."

Kanuni ilikuwa kumwambia Kocha kwanza. Lakini Kocha alikuwa upande wa pili akimshika tumbo mtoto aliyekuwa akijifunza kuelea. "Haya nenda," Kozue alinong'ona. "Usikimbie. Na urudi upesi."

Ibuki akaondoka akichapa saruji kwa miguu mibichi. Hazikupita dakika nyingi, filimbi ndefu ikalia.

Watoto wakaketi ukingoni. Mikono ikainuka. Namba zikaanza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kila iliyotajwa ilimsogelea Kozue. Akatazama mlango wa choo. Hakuna mtu. Akamwona Shunpei anamtazama, mdomo wake tayari umeanza kucheka.

"Saba," ilisema jozi ya kabla yake.

Kozue akaunganisha viganja vyake mwenyewe, akaviinua juu. Kutoka ng'ambo ya bwawa, na jua likiwaka juu ya maji, mikono miwili ni mikono miwili tu.

"Nane," alisema kwa sauti.

"Vizuri," Kocha Sanae aliitikia. "Mmetimia wote. Majini."

Kozue akashuka majini. Anakuja, alijiambia. Sasa hivi anakuja. Akawapigisha wadogo miguu, huku jicho moja likiwa mlangoni. Akahesabu vichwa vyeupe, akapata kimoja pungufu. Akahesabu tena. Watoto walikuwa wakipishana na kupiga mbizi, maji yakimetameta, na kila alipofika katikati hesabu ilimvurugika.

Hapo ndipo alipoziona nyayo. Nyayo ndogo, mbichi, zilizotoka upande wa chooni na kupita juu ya saruji ya moto. Hazikuelekea kwenye mstari wake. Zilielekea upande wa kina. Zilikuwa zinakauka huku anazitazama, kisigino kwanza, kisha vidole.

Ibuki hakujua kuogelea bila ubao. Na ya kutisha zaidi ilikuwa hii: hakuna mtu aliyekuwa akimtafuta. Kocha hakumtafuta, wala Bwana Kadota. Watamtafutaje, na yeye Kozue amekwisha kuwaambia kwamba yupo?

Kusema sasa kulikuwa na maana ya kupoteza kofia nyekundu, kuchekwa na Shunpei, na kukodolewa macho na watu wote. Akatoka majini. Akatembea moja kwa moja mpaka alipokuwa Kocha.

"Kocha," alisema. "Nilidanganya. Ibuki hakuwepo kwenye hesabu. Alikwenda chooni, na mpaka sasa simwoni. Kuna nyayo za mtoto zinazoelekea upande wa kina."

Kocha Sanae hakuuliza hata swali moja. Alipiga filimbi ndefu, ikafuata nyingine, naye akajitupa upande wa kina na nguo zake zote. Wazazi wawili waliokuja kuwachukua watoto wao wakavua viatu, wakaingia upande wa maji mafupi, wakashikana mikono na kutembea polepole wakipapasa chini kwa miguu. Bwana Kadota alikimbilia chooni, kofia ikamdondoka njiani. Watoto walitoka majini, wakaketi ukingoni.

Kocha aliibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Aliibuka. Akazama.

"Yupo," ilisikika sauti ya Bwana Kadota. "Yupo huku, jamani. Mzima kabisa."

Alitokea akiwa amemshika Ibuki begani. Ibuki alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeikamata kaptula yake ya kuogelea isimwanguke.

"Kocha, kamba imekataa," alisema. "Nilifungua, ikawa haifungi. Nimeita sana. Nitatokaje mbele za watu hivi?"

Kocha Sanae alijivuta mpaka ukingoni, akaketi juu ya saruji, maji yakimchuruzika. Akaanza kucheka, na katika kucheka kule akawa analia, na watoto wote wakacheka pamoja naye, wengine bila kujua kwa nini. Bwana Kadota alijifuta jasho akasema, "Nimeuza tofu maisha yangu yote, sijawahi kuona kamba ngumu kama hii."

"Zile nyayo zilikuwa zangu," mtoto mmoja wa mstari wa pili alisema. "Nilifuata ubao."

Kozue alipiga magoti, akaifunga kamba ya Ibuki mafundo mawili. Kisha akavua kofia nyekundu na kumpelekea Kocha.

Kocha hakuipokea. Alimketisha kando yake, chini ya turubai, akammiminia chai ya shayiri.

"Kunywa kwanza. Sikiliza, mwanangu. Hesabu ikipungua, mimi siogopi, kwa sababu najua la kufanya: natafuta. Uliponiambia imetimia, niliacha kutafuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Kocha."

"Na mimi nina kosa langu. Nilihesabu mikono, sikutazama nyuso. Kuanzia leo kila mtoto ataitikia kwa sauti yake." Akaiweka kofia kichwani mwa Kozue, ikakaa upande. "Aibu ni kama ile mvua yenu ya jehanamu. Unapita chini yake, unatetemeka kidogo, imekwisha. Mtoto akizama, hilo halina mwisho. Kwa hiyo ukiongoza watu, uwe wa kwanza kusema nani hayupo. Jioni tutakwenda wote wawili kwa mama yake Ibuki, na wewe ndiye utakayemweleza."

"Nitamweleza."

"Haya. Nenda, wanakungoja."

Kesho yake filimbi ndefu ilipolia, namba zilikuja moja baada ya moja mpaka mwisho wa mstari.

"Nane, hatujatimia," Kozue alisema. "Ibuki yuko chooni, Bwana Kadota amempeleka."

Shunpei alifungua mdomo. Akayatazama maji ya upande wa kina, akaufunga. "Tumngoje tu," alisema.

Wakamngoja, miguu yao ikining'inia majini. Ibuki akaja bila haraka, akaketi, akaushika mkono wa Kozue na kuuinua juu.

"Nane," zilisema sauti mbili.