Wawili, Kwenda na Kurudi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya bandari ya mji wa Cedeira wakati Dorinda aliposhuka ngazi za nyumba aliyopanga kwenda kukata tiketi za kesho. Tiketi zilikuwa zinauzwa kwenye baa iliyo kando ya kituo cha basi. Muuzaji alikuwa Fuco, mwanamume wa makamo mwenye mdomo usiotulia, ambaye mchana huendesha basi na jioni huuza tiketi na mvinyo kwa pamoja.

"Haya mama, kesho tunakimbilia wapi tena?" Fuco akamtania. "Wiki nzima uko njiani kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Teixido. Nipe mbili, kwenda na kurudi."

"Mbili?" Fuco akachungulia nyuma ya bega lake. "Huyo bwana umemficha wapi? Au anaona aibu kuingia kwetu sisi walevi?"

"Niko naye hapa."

Fuco akaacha kutabasamu. Pwani ile ya Galicia, mtu akija peke yake kukata tiketi mbili za Teixido, hakuna anayecheka. Watu wanaamini kwamba kila nafsi ina deni la kufika kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea kule Teixido, juu ya majabali. Ukifa hujalilipa, roho yako itatambaa yenyewe mpaka huko, ndani ya mjusi au chura, hata ichukue miaka. Ndiyo maana wanaobaki huwahurumia wafu wao. Huenda kaburini, wakagonga jiwe, wakasema: twende. Kisha humlipia marehemu kiti chake kwenye basi na kuzungumza naye njia nzima.

"Mumeo?" Fuco aliuliza kwa sauti ya chini.

"Eladio. Alinitoka mwezi wa pili."

"Pole, mama." Akavuta kitabu cha tiketi, kisha kalamu yake ikasita. "Umesema na kurudi. Zote mbili?"

"Kwani sisi tunalala huko?"

Fuco alifungua mdomo, akaufunga. Labda alidhani mjane huyu anajua anachokifanya. Labda aliona haya kumfundisha mtu mzima habari za mumewe. Akachana tiketi mbili na kumpa bila kumtazama machoni.

Maneno yale ya kwenda na kurudi hayakuwa ya Dorinda. Yalikuwa ya Eladio, neno kwa neno. Eladio alikuwa kinyozi kule Monforte, bara, na kila Septemba walikuwa wanafunga kibanda na kuja kupanga vyumba vilevile vya juu hapa Cedeira, kwa mwenye nyumba aitwaye Obdulia. Hakutaka kusikia habari za safari za kikundi. "Sisi si kondoo," alikuwa anasema, "hatufuati mwavuli wa mtu." Kila jioni baada ya supu alitandaza ramani mezani, akaweka ratiba ya mabasi pembeni, akapanga matembezi ya kesho huku akigonga meza kwa penseli. Tok, tok. Dorinda akiuliza, "Tupite njia ya juu?" naye akikubali, hakusema ndiyo. Aligonga. Tok. Asubuhi walitoka, jioni walirudi, na usiku walilala kitanda kilekile. Kwa Eladio, safari isiyo na kurudi haikuwa safari. Ilikuwa kuhama.

Teixido waliiweka mwisho kila mwaka, na kila mwaka ikakosekana. Mara mvua, mara goti. "Mwakani, mke wangu." Mwakani ikamkuta amezikwa nyuma ya jiwe, ndani ya ukuta wa makaburi ya Monforte.

Kwa hiyo Dorinda aligonga lile jiwe, akamwambia twende, akaja naye. Kosa lake lilianzia hapo, na lilikuwa kosa la upendo. Alipofika Cedeira hakuweza kumpeleka moja kwa moja. Moyo ulikataa. Akasema moyoni: nimpe kwanza siku zake. Akampeleka Ortegal kwenye mnara wa taa, kiti cha dirishani kikiwa wazi kwa ajili yake. Akampeleka Ortigueira. Akampeleka Viveiro, akamwagizia na kahawa. Na kila jioni akamrudisha nyumbani.

Jioni ya pili, akiwa anachemsha supu ya kabichi na maharage, alisikia mezani nyuma yake...

Tok. Tok.

Hakuogopa. Alilia kwa furaha, mwiko ukiwa mkononi, kisha akapakua mabakuli mawili. Asubuhi kijiko cha pili kilikuwa kimelowa.

Lakini furaha hiyo ilianza kubadilika rangi. Harufu ya Eladio ilikuwa tumbaku na sabuni ya kunyolea. Harufu iliyokuwa inapanda ngazi pamoja naye kila jioni ilikuwa ya nta ya mishumaa, sufu iliyolowa, na udongo wa chini kabisa, ule usioonja jua. Kila siku ilizidi kidogo. Kitandani, upande wa pili wa godoro ulikuwa unabonyea, na shuka la upande huo lilikuwa baridi kama samaki.

Jioni ile aliporudi na tiketi, Obdulia, mwenye nyumba, alikuwa anamngoja kwenye ngazi na mkate chini ya kwapa. Walikuwa wanafahamiana tangu ujanani, na Obdulia hakuwa na breki mdomoni.

"Mwenzangu, nilimpangisha mjane mmoja. Juu kuna miguu minne. Umepata kijana wa pwani, sema tu, nami nitafute wa kwangu." Kisha akanusa. Kicheko kikamkatika. "Dorinda... umemwita Eladio?"

"Kesho nampeleka Teixido."

"Lakini uko hapa tangu Jumatatu."

"Nilimtembeza kwanza."

"Ukamrudisha?" Obdulia alimshika mkono, akanong'ona kana kwamba ngazi zenyewe zina masikio. "Ukamrudisha hapa? Wewe mwanamke! Wafu hupelekwa, hawarudishwi. Ukimrudisha anazoea. Na si kwamba anarudi yeye mzima. Kila safari anapungua, na pale alipopungua panajazwa na kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Unaniuliza mimi? Bibi yangu alikuwa anaishia hapohapo, anapiga ishara ya msalaba." Akamkabidhi mkate. "Kesho mwache kule. Muage, usigeuke, rudi peke yako. Bado hujachelewa."

Dorinda aliitikia kwa kichwa. Usiku ule alifunga macho na kuapa kwamba atamwacha, hata kama moyo utapasuka. Alitaka kitu kimoja tu duniani: Eladio apumzike. Tiketi zilikuwa ndani ya kapu, na hakuzifikiria tena.

Siku ilikuwa ya ukungu. Basi lilikuwa na wanawake watano au sita wa bara, wamevaa makoti, wananong'ona rozari. Mmoja alitaka kuketi dirishani, kando ya Dorinda, na Fuco akamzuia kutoka kwenye usukani. "Hapo pana mtu, mama." Yule mwanamke akaomba radhi kwa kiti kitupu na kwenda nyuma. Fuco alikwisha kuchana nusu za kwanza za tiketi, zile za kwenda.

Dorinda alizungumza njia nzima kama inavyopasa. "Eladio, tunapanda sasa. Eladio, ungekuwepo ungesema dereva anakata kona vibaya." Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na baridi mpaka kwenye kiwiko.

Walishuka juu ya mlima, wakafuata njia kwa miguu, wakitazama chini wasije wakakanyaga mjusi. Kando ya njia yalikuwepo malundo ya mawe ya mahujaji wa zamani, kila aliyefika ameongeza lake, ili siku ya mwisho mawe yashuhudie nani alifika. Dorinda aliweka la kwake, jeusi. Kisha akaweka la Eladio, jeupe, la mviringo, aliloliokota pwani. Kanisani aliwasha mshumaa. Kwenye chemchemi alitupa kipande cha mkate kwa ajili ya mumewe, maana mkate ukielea ombi limekubaliwa.

Mkate ulizama.

Ulizama wima kama uliovutwa kwa mkono. Dorinda aliyatazama maji yakitulia, akajiambia ni mkate mbichi wa Obdulia, haukuiva vizuri. Mtu aliyebanwa huamini lolote.

"Eladio," akasema. "Tumefika. Deni limekwisha. Umenitembeza miaka yote, leo mimi nimekutembeza. Baki hapa, mume wangu. Baki salama."

Baridi ikatoka mkononi. Ikatoka taratibu, kidole baada ya kidole, kama mtu anayeachia mkono asiotaka kuuachia. Dorinda alilia, lakini alikuwa mwepesi, na hakugeuka. Alipanda njia peke yake, akisikia hatua zake mwenyewe na si nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alihisi njaa.

Ukungu ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi alipofika kwenye basi. Fuco alikuwa amesimama mlangoni akikusanya nusu za tiketi zilizobaki, akizichana bila kuzitazama, kama alivyofanya miaka yote. Dorinda akamnyooshea. Zilikuwa mbili, zimegandana kwa unyevu.

Chrrr.

Ndipo alipoona kwamba zimechanika zote mbili.

"Hapana!" Akamkamata mkono. "Fuco, hapana, moja tu! Moja! Narudi peke yangu!"

"Ulikata kwenda na kurudi, mama. Nilikuuliza." Sauti ya Fuco ilikuwa imekauka. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ndani ya basi, kwenye kiti cha dirishani, na uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Mwenzio... ameshapanda."

Dorinda alitaka kubaki pale mlimani. Lakini giza lilikuwa linaingia, wale wanawake walikuwa wanalalamika baridi, na mmoja akamvuta kwa wema ndani, akamkalisha penye nafasi yake ya asubuhi, kando ya kiti kile cha dirishani. Aliketi na kukaza macho mbele. Njia nzima hakuna aliyenong'ona rozari. Kwa pembe ya jicho aliona kioo cha dirisha kikiota mvuke kwa ndani, kikafutika, kikaota tena. Kitu kilikuwa kinapumua pale. Eladio hakuwahi kupumua hivyo, kwa pupa, kama mtu anayejifunza.

Basi lilipofika Cedeira, Dorinda alikimbia. Mwanamke wa umri wake, anakimbia juu ya mawe yaliyolowa, mpaka mlango wa Obdulia, chini ya ngazi.

"Obdulia! Nifungulie!"

Hatua zilikuja ndani, zikasimama. Mlango haukufunguka.

"Mko wangapi?" Obdulia akauliza kwa sauti ndogo.

"Nifungulie, nakuomba. Nitampeleka tena kesho. Asubuhi na mapema, tiketi ya kwenda tu..."

"Haiwezekani, mwenzangu. Mtu hufika Teixido mara moja. Ameshafika, hana deni tena kule. Hakuna mahali pengine pa kumpeleka." Obdulia alikuwa analia. "Nakuuliza, Dorinda. Mko wangapi hapo nje?"

Nyuma ya Dorinda, juu ya mbao za ngazi, kitu kikajibu kwa niaba yake.

Tok. Tok.

Ndani, komeo likasukumwa mpaka mwisho.

Hakuwa na pa kwenda. Monforte nyumba ilikuwa tupu, barabarani kulikuwa na ukungu, na hicho kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kinajua njia zote alizozijua yeye, maana yeye ndiye aliyekitembeza. Akapanda ngazi polepole. Hatua nne kila kidato, mbili zake.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Supu ilikuwa imeshapakuliwa, mabakuli mawili, yanatoka moshi. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani, penseli ya Eladio juu yake. Karibu na bakuli lake kulikuwa na jiwe jeupe la mviringo, limelowa ukungu wa mlimani. Na kando ya hilo jeupe, jiwe la pili. Jeusi. La kwake.

Kule juu ya mlima hakukuwa tena na jiwe lolote la kushuhudia kwamba waliwahi kufika.

Dorinda akaketi. Akashika kijiko, kwa kuwa mikono ilihitaji kushika kitu. Harufu ya nta ilijaa jikoni mpaka machozi yakamtoka. Kiti cha mbele yake kilisogea, kikakwaruza sakafu, kikatulia.

"Eladio?" akanong'ona.

Penseli ikasimama juu ya ramani. Ikaanza kutembea kutoka pwani, ikaacha Ortigueira, ikaacha Viveiro, ikashuka bara taratibu mpaka Monforte. Haikuishia mjini. Ilipanda kilima kidogo nyuma ya mji, mahali penye ule ukuta mrefu wa makaburi, ikasimama.

"Kesho?" akauliza.

Tok.

"Wawili?"

Tok.

Lilibaki swali moja, lile ambalo kwa miaka yote halikuwahi kuhitaji kuulizwa.

"Kwenda na kurudi?"

Akangoja. Supu ikapoa, moshi ukakatika, na penseli haikugonga.