Reli ya Mbavu za Mwavuli

Soko la Toi siku ya Jumamosi halina adabu. Unakanyagwa, unasukumwa, na ukizubaa kidogo utajikuta umenunua kaptula ya mtoto na huna mtoto. Katikati ya fujo hiyo, kwenye rundo la vitu vilivyovunjika, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja walishika mwavuli uleule, kila mmoja kwa upande wake.

"Wachilia. Nimeuona kwanza," mwanamke akasema.

"Msupa, huu umevunjika. Utalowa."

"Nani amekwambia ni wa mvua? Nataka kitambaa. Nashona kofia za kuogea."

Mwanamume akacheka meno yote nje. "Si basi tugawane! Mimi nataka mbavu tu."

"Mbavu za nini?"

"Za reli."

Kasiva alimtazama kutoka viatu hadi nywele, akijaribu kujua kama kichwani yuko sawa. Yeye alikuwa fundi wa cherehani kutoka Kawangware, binti wa Kitui, na siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani alilojishonea mwenyewe, likamkaa vizuri mno. Mwanamume aliitwa Mukhwana, fundi wa majiko wa mtaa wa Gatwekera. Alikuwa na masizi kwenye nyusi na mikono mipana, lakini alichomoa vile vyuma vyembamba taratibu sana, kitambaa kisichanike. Mwanamke yeyote mwenye macho angeona hilo, na Kasiva alikuwa na macho. Kufikia mwisho wa kazi walikuwa wamepeana namba.

"Sasa, wa mbavu?" Kasiva alimpigia kesho yake.

"Poa, wa ngozi ya mwavuli. Nilikuwa nangoja uniite, nikaona aibu kuanza."

"Fundi mzima unaona aibu? Hebu niambie, hiyo reli iko ama ulikuwa unanipiga laini tu ya kunitongoza?"

"Kuja uone."

Akaenda, akaona. Chumba cha Mukhwana kilikuwa kimoja, cha udongo na mabati, na karibu chote kilimezwa na ubao mkubwa uliokaa juu ya kreti za soda. Juu ya ubao, mbavu za miavuli zilipinda na kunyooka juu ya vijiti vya mishikaki. Mabehewa yalikatwa kutoka mikebe ya mafuta ya kupikia, yakapakwa rangi nyekundu. Injini ilikuwa na mota iliyotolewa kwenye deki mbovu ya kaseti, na ilivuta umeme kutoka kwenye reli zenyewe. Mukhwana alipobonyeza swichi, treni ikanguruma polepole na kuzunguka.

"Woi!" Kasiva akajishika mdomo. "Inatembea!"

"Ile treni kubwa ya huko nje hupita tu. Tangu nikiwa mdogo sijawahi ona imesimama kwetu. Yangu inasimama."

Hapo ndipo Kasiva alipopenda, wala hakujidanganya. Alimpenda mtu aliyejijengea treni ya kusimama Gatwekera.

Miezi ikapita kwa simu na chai ya maziwa. Kisha Mukhwana akawaalika majirani na wenzake wa kwaya waje Jumapili baada ya ibada kutazama treni. Siku moja kabla, yeye akiwa kazini, Kasiva alikuja na ufunguo aliopewa. Aliona jinsi reli zilivyoshika kutu, akakumbuka mpenzi wake anavyozifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa kila jioni. Akanunua stilwulu, ile ya kusugulia sufuria, akapiga magoti na kuzisugua reli zote mpaka zikang'aa.

Jumapili chumba kikajaa hadi nje. Mukhwana akabonyeza swichi. Injini ikaenda kidogo, ikatetemeka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mtu wa nyuma akacheka.

"Nani ameshika reli zangu?"

"Ni mimi, bebi," Kasiva akasema akitabasamu. "Nilizipiga stilwulu jana. Si zimeng'aa?"

"Stilwulu? Hizo nyuzi zote zimevutwa na sumaku ya mota! Nani alikutuma? Hii si sufuria za mamako! Usishike kitu tena kwa nyumba yangu!"

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Mukhwana siku hiyo ulivunja mfupa. Watu waliinamisha vichwa. Kasiva aliweka ufunguo juu ya ubao, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka.

Alipigiwa simu, hakushika. Alitumiwa ujumbe, hakujibu. Jirani wa Mukhwana, Kageha, mama asiyejua kupaka maneno asali, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Huyo msichana alisugua vyuma vyako mchana mzima mpaka vidole vikatoka damu. Na nikuulize, ulishawahi kumkalisha wapi? Mimi humuona mlangoni tu, miguu nje, kikombe mkononi. Reli yako iko ndani, mtu wako yuko nje!"

Mukhwana aliingia na kutazama chumba. Kitanda chake mwenyewe kilisimamishwa ukutani kutwa nzima. Hapakuwa na mahali hata kiti kingekaa. Aliona aibu ya kweli.

Alhamisi alisimama mbele ya kibanda cha Kasiva kule Kawangware, shati limepigwa pasi.

"Treni imepona, ndio umenikumbuka?" Kasiva akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Haijapona. Hata sijaifungua. Nimekuja kusema nilikukosea mbele ya watu, na nilikukosea hata kabla ya hapo. Kuja uone nyumba, Kasi wangu. Ukikataa, nitajua hujanisamehe."

Cherehani ikasimama.

Walipofika, ubao haukuwepo. Mukhwana alikuwa ameukata kuwa rafu nyembamba iliyozunguka kuta zote, juu ya vichwa, na reli zikapanda huko. Chini palikuwa na kitanda kilichotandikwa, meza, na viti viwili. Kasiva alikaa ndani, katikati, akalia kidogo na kucheka kidogo.

"Leta hiyo mota," akasema. "Na selotepu, na pini."

Vidole vya mshonaji vilitoa nyuzi za chuma moja moja mpaka sumaku ikawa safi, naye Mukhwana akibadilisha waya ulioungua. Kisha akamkabidhi Kasiva swichi, ambayo hakuwahi kumpa mtu. Treni ikaanza kuzunguka juu yao.

"Kasi, mbuzi wa ntheo, wale wa uchumba, nikiwapeleka kwenu Kitui, nianzie kwa nani?"

"Kwa mjomba Kimanzi. Uende na wazee wenu. Na uwe na hii shati."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Si nimekwambia hata shati ya kuvaa!"

Kasiva akasahau mkono wake umebonyeza swichi. Treni ikashika kasi, ikaacha reli kwenye kona, mabehewa yote yakaangukia kitandani kwa kishindo, na Mukhwana hakugeuka kutazama.