Niliambiwa Mungu Ndiye Anayenihamisha Kibera

Nina miaka thelathini na sita, mume mmoja na watoto wawili. Naishi mtaa wa Kongo, huku Kawangware, Nairobi. Wasomaji wenzangu, nawaomba msinicheke kabla sijamaliza. Nikimaliza, chekeni mpendavyo... mimi nimeshalia ya kutosha!

Siku hizi siamini mtu haraka. Mtu akinisalimia kwa tabasamu pana, najiuliza anatafuta nini kwangu. Sikuzaliwa hivi.

Zamani nilikuwa Kibera. Nilikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe, kando ya njia wanayopitia watu wa mjengo wakienda kujenga asubuhi. Mume wangu, Wekesa, ni fundi wa kujenga, na kazi yake leo iko, kesho haipo. Kibanda ndicho kilichotulisha. Wateja waliniita Mama Sheila, jina la binti yangu, na nikichelewa kuwasha jiko walisimama wakanisubiri.

Je, niliridhika? Kanisani niliimba kwamba nimeridhika. Moyoni nilihesabu baraka za wengine. Huyu amehamia nyumba ya mawe, yule amefungua duka... mimi bado niko na unga mikononi! Nilimlalamikia Mungu, na malalamiko hayo nilimpelekea Achieng'.

Achieng' alikuwa mwenzangu wa maombi. Katika kanisa letu dogo la mabati kila mama hupewa mwenzake, na kila Alhamisi mnakaa wawili tu mkiambiana mambo ya ndani, kisha mnaombeana. Achieng' aliuza omena, vile visamaki vikavu, mlangoni kwake, lakini biashara ilikuwa imemkataa. Alikuwa mcheshi, mwenye huruma. Akishika mikono yako kuomba, machozi yanakutoka kabla hajasema amina.

Kisha akaja nabii mgeni. Jumapili ya kwanza alininyooshea kidole, akasema nina mtoto anayesumbuliwa na kifua, na kwamba mimi hulia nikiwa peke yangu nikikanda unga. Alijuaje? Hatukuwahi hata kusalimiana!

Jumapili iliyofuata akasema Bwana ananihamisha. Baraka yangu alikuwa ameiona ikinisubiri Kawangware. Kanisa zima likapiga makofi. Achieng' ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Wekesa aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Mungu amekuambia wewe. Mimi hajaniambia kitu," akasema. "Hapa watu wanakujua, Mama Sheila. Huko nani anakujua?"

Nilimweleza Achieng' maneno hayo huku nikilia. Jumapili, nabii akatangaza kwamba kuna mtu ananivuta nyuma, mtu ninayekula naye sahani moja. Nikaanza kumtilia shaka mume wangu! Nilipekua mifuko yake. Nilinusa mashati yake. Akichelewa kazini, nilimuuliza maswali kama askari. Maskini, alikuwa anatoka tu kubeba mawe ya watu. Mwishowe alichoka na ugomvi, akakubali tuhame.

Na kibanda je? Achieng' alijitolea mwenyewe. Akaniambia, "Usikiache wazi, dada. Wacha nikushikilie tu mpaka Mungu akufungulie njia huko." Nikamwachia jiko, kikaango na kibao cha kusukumia. Nikampeleka kwa mwenye kiwanja nikamtambulisha. Wateja wangu nikawaambia wamchukue kama mimi. Kuna mtu amewahi kuporwa huku akimshukuru mporaji? Mimi hapa!

Kongo haikunijua. Kila kona ina mama yake wa chapati, na kila mama ana wateja wake. Nilikanda unga, chapati zikapoa, tukazila wenyewe hadi watoto wakazikataa. Nikaacha. Nikaanza kwenda Riruta Satellite, mtaa wa jirani, kubisha mageti ya watu nikiuliza kama kuna nguo za kufua. Chumba tulichopata kilikuwa karibu na mtaro, na kifua cha Sheila kikazidi. Wekesa hakuniambia neno baya hata moja. Natamani angenitukana!

Lakini kila Jumapili nilirudi Kibera kanisani, na Alhamisi tuliombeana kwenye simu. Kila nilipomwambia Achieng' kwamba nataka kurudi kwenye kibanda changu, aliomba kwa sauti kubwa nisikatishwe tamaa. Na kila nilipofika Jumapili, nabii alikuwa na onyo: mke wa Lutu aligeuka nyuma, akawa nguzo ya chumvi! Mara ya kwanza nilitubu. Mara ya pili nilitubu. Mara ya tatu nikajiuliza... mbona Mungu hujibu tu yale niliyomwambia Achieng'? Yale ninayomwambia Yeye peke yangu, nikifua nguo za watu, mbona nabii hayaoni?

Nikaogopa wazo hilo. Nikamwomba Mungu msamaha kwa kumshuku mtumishi wake.

Kisha nikaota ndoto. Nilimwota nyanya yangu aliyenilea Bungoma, ambaye ameshafariki. Kwetu Wabukusu, ambao ni Waluhya, nyanya tunamwita kukhu. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na hakutaka kuingia. Niliamka na uzito moyoni, na Alhamisi nikamsimulia Achieng' kwenye simu. Alikuwa kibandani, mafuta yanachemka, wateja wanapiga kelele. Nilimwambia hivi: "Nimemwota kukhu. Amesimama mlangoni, amekataa kuingia." Akajibu, "Tutaombea hiyo, dada." Mtu mwingine sikumwambia, hata Wekesa.

Jumapili nabii akanisimamisha. Akafumba macho. Jasho likamtoka.

"Mama, naona kuku!" akapaza sauti. "Kuku amesimama mlangoni pako! Amekataa kuingia!"

Watu wakaitikia amina. Kijana mmoja nyuma akasema, "Waluhya na kuku, manze!" na kicheko kikazuka, maana husemwa Waluhya tunapenda sana nyama ya kuku. Mimi sikucheka.

Mungu anajua lugha zote. Anajua Kibukusu. Nyanya yangu alimwomba miaka yote kwa lugha hiyo, naye alimsikia. Angewezaje leo kumwita kuku?

Nilimtazama Achieng'. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kesho yake nilienda kibandani. Nilimkuta anasukuma chapati kwenye kibao changu, mafundi wamejaa kwenye benchi. Nikamuuliza kama ndiye aliyempelekea nabii siri zangu. Hakukana.

"Si wewe mwenyewe ulikuwa unataka kutoka hapa?" akasema. "Kila Alhamisi ni kulalamika tu. Mimi nilikusaidia, Mama Sheila. Na hata mwenye kiwanja tushaelewana."

Kisha akapunguza sauti, ile sauti yake ya maombi.

"Lakini kama umekwama huko, kuja tu uwe unanisaidia kusukuma. Siwezi kukunyima kazi."

Kazi! Kwenye jiko langu! Niliondoka bila kuaga. Kibanda changu kilikwenda hivyo, na hadi leo sijakirudisha.

Nilimweleza Wekesa yote. Nilitarajia hasira. Aliuliza tu, "Kuku?" Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka naye huku machozi yananitoka. Asubuhi yake akanijengea jiko la udongo nje ya mlango wetu. Biashara ni polepole. Kuna siku chapati zinabaki. Lakini wawili watatu wameanza kuniita Mama Sheila.

Wasomaji wenzangu, sisemi msiende kanisani. Mimi nimepata kanisa lingine na naenda. Sisemi Mungu haongozi watu. Ninasema hivi: akija mtu na neno lako kutoka kwa Mungu, muulize Mungu mwenyewe kwanza, na usiwe na haraka. Angalia ni nani atabaki na kile unachoambiwa ukiache. Na kama unakula na watoto wako wanalala wameshiba, tafadhali, shukuru! Manung'uniko yangu ndiyo yaliyompa Achieng' kazi rahisi.

Sina tena mwenzangu wa maombi. Nimejaribu, lakini kila dada akinishika mikono naivuta. Naomba na Wekesa. Hajui kuomba kwa maneno mengi. Hufumba macho, husema, "Baba, asante kwa leo," halafu hulala. Mwanzoni niliona haitoshi. Sasa namwachia aseme, nami naitikia amina.