Barua ya Fundi Miwani

Jumamosi ile duka la miwani lilijaa hadi mlangoni, na yule dada wa gauni la njano alikuwa ameshajaribu fremu kumi na nne. Kila moja aliivaa, akageuka upande huu na ule mbele ya kioo, akaivua akisonya.

"Fundi, huna kubwa zaidi? Nataka inayoficha hii pua."

"Sasa dada, ukiificha, mimi nitatazama nini?"

Akacheka, kiganja kimeziba pua. Fundi, aliyezoea kupima pua za watu bila kuziona, siku hiyo aliiona moja, ikawa kwisha habari yake.

Wiki haikupita, simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nipo kwenye kioo."

"Tangu saa ngapi?"

"Usianze, bwana."

Alikuwa hapo tangu asubuhi, kazini hakwenda. Fundi alijua, akajifanya hajui, maana penzi lilikuwa changa naye alikuwa mwoga.

Bibie akafanyiwa upasuaji wa pua. Bandeji zilipotolewa, pua ilikuwa nyembamba, imenyooka, hata mama yake akafurahi hadi machozi. Fundi alipoulizwa, ulimi ukamteleza: "Nzuri, ila niliyoipenda ni ile ya kwanza." Mwenzake akasikia kwamba hii ni mbaya. Akaizuia namba yake miezi mitatu.

Nusura fundi apate wazimu. Akawa anawapa wateja lenzi za watu wengine.

Bibie alirudi dukani Jumatatu mchana, kajitanda mtandio hadi machoni, kakonda.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Kaa."

"Pua imepinda. Pima uone."

Fundi akapima kulia, akapima kushoto. Sawasawa, hata nusu milimita haikuzidi. Akamwambia.

"Unanihurumia tu. Daktari kakataa kunipasua tena, eti pua haina kasoro, niende kwa daktari wa akili. Lakini ukiniandikia kwamba miwani haikai vizuri puani, hospitali nyingine watakubali."

"Miwani inakaa, mpenzi. Twende kwa huyo daktari wa akili, nitakushika mkono."

"Kumbe na wewe unaniona kichaa!" Akainuka, akashika kitasa cha mlango.

Fundi alijua akitoka safari hii harudi. Alijua pia kwamba kisu cha pili hakitakuwa cha mwisho. Lakini alimpenda, tena alimpenda vibaya.

"Ngoja," akasema.

Akavuta karatasi ya duka, akaandika uongo wa mistari minne, akagonga muhuri. Mwanamke akausoma, akamrukia shingoni akilia na kucheka.

"Sasa najua unanipenda! Nikipona, tuoane."

"Tuoane," fundi akajibu. Lilikuwa neno alilolisubiri mwaka mzima, na lilimtoka chungu. Mwanamke hakulisikia. Alikuwa keshatoa simu, anapiga hospitali.