Sisimizi kwenye Kiganja cha Kogo

Kila asubuhi, ng'ombe akishakamuliwa, Chelangat alikaa mlangoni pa jikoni akasaga tumbaku. Mtoto alikuwa mgongoni. Jiwe la kusagia lilikuwa mbele ya magoti. Tumbaku kavu ilikuwa upande huu, magadi upande ule. Alisaga mpaka ikawa vumbi la kahawia, laini kuliko unga wa mahindi. Huo ndio ugoro.

Biashara ilikuwa ya mama mkwe wake. Watu walimwita Kogo Jerono. Kogo ni nyanya. Ugoro wake ulijulikana kutoka Endebess mpaka soko la Kitale, na wanawake wa mtaa wa Kipsongo hawakutaka wa mtu mwingine. Lakini Kogo alikuwa amezeeka na pua yake ilikuwa imechoka. Hakuweza tena kujua kama ugoro umekolea. Pua ya kazi ilikuwa ya Chelangat.

"Onja," Kogo alimwambia kila siku. "Usiniaibishe kwa wateja."

Chelangat alinusa kidogo. Akaongeza magadi. Akanusa tena. Alipoolewa, alikuwa akipiga chafya mpaka machozi yatoke, na Kogo akicheka. Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Hakupiga chafya tena. Siku asiponusa, kichwa kilimgonga na mikono ikatetemeka.

Mtoto wa mgongoni aliitwa Jerop. Alikuwa na miezi mitatu, na alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Alilia mchana. Alilia usiku. Aliponyonya, alitapika. Alipolala, alishtuka.

Kabla ya Jerop kulikuwa na Kiplimo. Kiplimo naye alilia hivyo hivyo. Alipofika miezi minne, asubuhi moja Chelangat alimgusa akamkuta baridi. Alizikwa nyuma ya ghala la mahindi. Hakuna mtu aliyesema sababu. Lakini Chelangat aliona jinsi watu walivyomtazama.

Kila mwezi alimpeleka Jerop kliniki. Walimtundika kwenye mizani, kisha nesi akachora alama kwenye kadi. Mstari wa watoto wengine ulipanda kama barabara ya kwenda mlimani. Mstari wa Jerop ulilala.

"Mama, unavuta sigara?" nesi aliuliza.

"Mimi?" Chelangat alishangaa. "Sigara si ni ya wanaume?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hata nesi akacheka. Akaandika: Hapana.

Chelangat hakusema uongo. Hakuwahi kushika sigara maisha yake yote.

Jumamosi moja Jerop alilia tangu jogoo la kwanza mpaka saa nne. Kogo Jerono akatoka nyumbani kwake na fimbo.

"Huyu mtoto anakataa nini?" akauliza. "Ile pombe ya busaa nilikupa iongeze maziwa, ulikunywa?"

"Nilikunywa, Kogo. Kikombe kizima."

"Basi maziwa yako ni mengi. Kama ni mengi na mtoto analia, ni machungu. Leta tuone."

Hiyo ilikuwa desturi ya Kogo, aliyorithi kwa mama yake. Maziwa ya mzazi yakishukiwa, hutiwa sisimizi. Akitembea, maziwa ni mazuri. Akifa, maziwa ni mabaya.

Kogo akakinga kiganja chake. Chelangat akakamua matone machache humo. Kogo akaokota sisimizi kwenye ukuta akamtia. Kiptanui, mume wa Chelangat, alisimama karibu akitazama.

Sisimizi alipiga miguu. Akazunguka mara mbili. Akatulia. Hakuamka.

"Umeona, Kiptanui?" Kogo akasema polepole. "Na yule wa kwanza alikunywa haya haya."

Chelangat akafunika kifua chake. Kwa hiyo ni yeye. Kwa hiyo Kiplimo alikufa kwenye titi lake.

Kiptanui hakumtazama mkewe. Alichukua baiskeli akaenda Endebess. Alirudi na chupa ya plastiki na chuchu ya mpira.

"Kuanzia leo ni maziwa ya ng'ombe," akasema. "Usimnyonyeshe tena. Huyu akifa pia, utarudi kwenu."

Jentrix alifika saa nane kuazima ungo. Alikuwa jirani, mzaliwa wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa amesoma kilimo kidogo kule Mabanga, kisha akafunzwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Aliona chupa kwenye sufuria. Aliona nguo ya Chelangat imelowa maziwa kifuani, na mtoto analia mikononi mwa Kogo.

"Ati maziwa yanamwagika na mtoto analia njaa? Hii ni nini, bana?"

Chelangat akamweleza. Alipofika kwa sisimizi, aligeukia ukuta.

Jentrix hakucheka. "Kogo," akasema, "nionyeshe kile kiganja."

"Cha nini, wewe mama wa Bungoma?"

"Nionyeshe tu, Kogo yangu."

Kogo akanyoosha mkono. Mistari ya kiganja ilikuwa imejaa kahawia. Ugoro wa miaka thelathini.

"Mabanga walitufundisha kuloweka tumbaku kwenye maji," Jentrix akasema. "Ukinyunyizia sukuma wiki, wadudu wanakufa. Sisimizi si mdudu? Sasa nawa na sabuni. Turudie."

"Wewe nawa," Kogo akajibu kwa hasira. "Mkono wangu umelea watoto tisa."

Jentrix akanawa wake, mpaka kwenye kiwiko. Akamwambia Chelangat anawe pia, mikono na kifua. Akakinga matone kwenye kiganja chake. Akamtia sisimizi. Sisimizi alizama kidogo, akajikwamua, akapanda kidole gumba, akaenda zake.

Kiptanui akasogea karibu. "Basi maziwa ni mazuri?"

"Sisimizi hajui maziwa," Jentrix akasema. "Alikuwa anawaambia habari ya mkono. Msimuulize tena. Muulizeni mama mtoto. Chelangat, wewe unanusa?"

"Ninaonja tu. Ni kazi."

"Mara ngapi?"

Chelangat akainamisha kichwa. "Kumi. Siku ya soko, zaidi."

"Nesi hakukuuliza?"

"Aliuliza sigara."

Jentrix akashusha pumzi. "Ugoro na sigara ni mtu na ndugu yake. Mama yao ni tumbaku. Ukinusa, sumu yake inaingia kwenye damu, halafu kwenye maziwa. Jerop akinyonya, anaonja na yeye. Moyo unamwenda mbio, tumbo linamsumbua, usingizi unakimbia. Na tumbaku inapunguza maziwa, hata kama leo yamejaa kwa kutonyonywa. Ndiyo maana hashibi."

"Na busaa?" Kogo akauliza. "Akinywa busaa mtoto hulala."

"Hulala kwa sababu pombe pia inapita kwenye maziwa. Usingizi wa pombe si usingizi wa shibe, Kogo. Mama akitaka maziwa, anywe uji, ale mboga na maharagwe, na amnyonyeshe mtoto mara nyingi."

"Basi hiyo chupa ndiyo salama," Kiptanui akasema.

"Baba Jerop, mtoto wa miezi mitatu, maji ya mto, chupa ya kuoshwa haraka haraka? Utamtoa kwa tumbaku umpeleke kwa kuhara. Maziwa ya mama bado ndiyo bora. Kinachoachwa ni ugoro, si titi."

"Nikishindwa?" Chelangat akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukishindwa siku moja, usimwachishe. Mnyonyeshe kwanza, ndipo unuse. Halafu kaa masaa mawili, matatu, kabla ya kumnyonyesha tena. Unawe mikono. Lakini kuacha ndiko kutakakokusaidia."

Jioni hiyo Chelangat alimnyonyesha Jerop. Jiwe la kusagia alilipeleka mlangoni kwa Kogo, akaliweka chini, akaondoka.

Haikuwa rahisi. Siku tatu kichwa kilimpasuka. Alimfokea Kiptanui, akamfokea ng'ombe. Siku ya tano alinusa. Aliingia kwa siri nyumbani kwa Kogo, akachovya kidole kwenye mkebe. Kisha akakaa nje masaa matatu akimsikiliza Jerop analia njaa mikononi mwa Kiptanui. Alihesabu kila kilio. Hakunusa tena.

Kogo alisaga mwenyewe, nyuma ya ghala. Ugoro ukawa hafifu na wateja wa Kipsongo wakahama. Hakuomba msamaha. Lakini Chelangat aliona kipande cha sabuni kwenye dirisha lake, na aliona kwamba Kogo hakumgusa mtoto kabla ya kunawa.

Wiki ya pili Jerop alilala tangu saa tatu mpaka saa sita mchana. Chelangat alimwamsha mara mbili kuona kama yu hai.

Siku moja, walipokuwa wakipalilia, alimuuliza Jentrix.

"Dada, Kiplimo alikufa kwa ugoro?"

Jentrix aliegemea jembe. "Sijui," akasema. "Tumbaku huongeza hatari ya mtoto kufa usingizini. Lakini Kiplimo, sijui. Hakuna atakayekuambia kweli, hata daktari. Lakini hukujua. Hilo ninalijua."

Chelangat akaendelea kupalilia. Alitamani aambiwe ndiyo au hapana. Hakupewa hata moja.

Mwezi wa pili baada ya kuacha ugoro, kliniki, mstari wa Jerop ulipanda. Nesi akatabasamu. "Mama, ulifanya nini?"

Chelangat alitaka kujibu, lakini aibu ilimziba mdomo. Alichukua kadi akakaa kwenye benchi kumfunga mtoto.

Mama mwingine akaitwa. Alikuwa msichana, na mtoto wake alilia kilio kile. Kilio ambacho Chelangat angekitambua hata gizani.

"Unavuta sigara?" nesi akauliza.

"Hapana, sista," msichana akajibu, akifuta pua kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa na madoa ya kahawia.

Nesi akainua kalamu.

Chelangat alisimama. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Sista, usiandike," akasema. "Muulize na ugoro. Mimi hukuniuliza."