Doa la Nne

Kila alfajiri Qiao Yulan alisaga soya, akatengeneza tofu na kuiuza mlangoni kwake, mjini Bozhou. Kazi hiyo ni ya kusimama. Magoti yake yalivimba, na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kulimtoa machozi.

Siku moja mchuuzi wa kupita alimuuzia unga. "Mitishamba mitupu," alisema. Baada ya siku mbili Yulan alipanda ngazi bila kushika ukuta. Jioni alicheza ngoma uwanjani, na wenzake wakamuuliza siri yake. Yulan si mchoyo. Wanawake sita wakaanza kunywa unga uleule.

Mwezi wa pili mumewe, Dehai, alimtazama mezani. "Mama watoto, uso umeviringika kama mwezi mpevu wa Sikukuu ya Vuli. Hiyo tofu unauza au unaila mwenyewe?"

Yulan hakucheka. Tumbo lilikuwa likimchoma kwa siku kadhaa. Alishuka na unga wake kwa jirani, Meng Shufen, anayepima dawa katika maabara ya wilaya.

"Ulikusaidia baada ya muda gani?" Shufen aliuliza.

"Siku mbili tu, mdogo wangu."

"Mizizi iliyosagwa humu naijua, mwendo wake ni wa pole. Mbio hizi imezitoa wapi? Njoo kesho kazini kwangu."

Kesho yake Shufen alidondosha matone matatu kwenye ukingo wa chini wa kibao cheupe: la mizizi halisi, la unga wa Yulan, na la dawa ya hospitali ya kushusha uvimbe. Akakisimamisha kibao ndani ya chupa yenye maji ya kemikali kidogo. Maji yakapanda yenyewe, yakitenganisha viungo vya kila tone na kubeba kila kimoja hadi mahali pake. Kisha akazima taa na kuwasha nyingine, ya zambarau.

Kibao kikang'aa kijani, na madoa meusi yakajitokeza juu yake. Yulan alishika mdomo. Miaka sitini na moja ameishi kati ya mizizi na majani, na hajawahi kuona mzizi ukitaja jina lake.

"Mizizi halisi ina madoa mangapi?" Shufen aliuliza.

"Matatu."

"Na unga wako?"

Yulan alihesabu kwa kidole. "Manne."

"La nne linalingana na lipi?"

Kidole kilikwenda pembeni, kwenye dawa ya hospitali. Usawa uleule.

"Mchuuzi amekuchanganyia," Shufen alisema. "Dawa hii ni kali. Daktari huitoa kwa kipimo. Ukiinywa kiholela huvimbisha uso na kuumiza tumbo. Na usiiache ghafla, utaugua zaidi. Nenda hospitali leo na huo unga, daktari akupunguzie kidogo kidogo."

"Na wale wenzangu sita?"

"Wanakuamini wewe, dada."

Jioni Yulan alikwenda uwanjani, akawaeleza yote.

"Si wewe uliyetuambia unga ni mzuri?" mmoja alimsuta.

"Ni mimi. Nilikosea. Kesho twendeni hospitali pamoja."

Walikwenda wote saba.

Sasa ni majira ya baridi. Yulan anatumia mitishamba iliyopimwa, anayopewa hospitalini, na uvimbe wa magoti unapungua polepole. Akifika ghorofa ya pili hupumzika. Jana Dehai alimtazama tena mezani.

"Huyu sasa namtambua," alisema, akamsogezea bakuli la supu.